Theluthi ya kura, lundo la viti: kura inavyohesabiwa Uingereza

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 5 Julai 2024, sijanywa hata chai, mjomba wangu wa Tanga alikuwa ameshanitumia ujumbe wa sauti. Ni mwalimu mstaafu, na kwake redio haizimwi. Alikuwa amesikia kwamba chama cha Labour kimepata kama 34% ya kura, lakini kimezoa viti 411 kati ya 650 vya Bunge la Uingereza. Swali lake lilikuwa moja (naye huniita mjomba, kama ilivyo kwetu): "Sasa mjomba, hilo si goli la mkono?"

Nikampa shikamoo yake, nikaanza kumjibu, nikaona jibu haliingii katika ujumbe wa dakika mbili. Tena hakuwa peke yake. Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki tunaoishi huku, watu waliokaa miaka kumi na tano walikuwa wanaandikiana kwamba Waingereza wamemchagua Keir Starmer, kiongozi wa Labour, awe waziri mkuu, kwamba Labour haijawahi kupata kura nyingi kama safari hii, na kwamba sisi wenye pasipoti za nyumbani mambo hayo hayatuhusu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Basi niliyomweleza mjomba kwa vipande siku ile, nayapanga hapa kwa utaratibu kidogo.

Hakuna karatasi ya waziri mkuu

Mpiga kura wa Kenya akifika kituoni hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi. Wa Tanzania Bara hupewa tatu: rais, mbunge, diwani. Katika uchaguzi mkuu wa Uingereza unapewa moja, ya mbunge wa jimbo lako. Unaingia kwenye ukumbi wa kanisa au darasa la shule ya msingi, unakuta penseli imefungwa kwa uzi, unaweka alama ya mkasi mbele ya jina moja, unatumbukiza, unaondoka. Kidole hakichovywi wino. Nje utakuta mbwa wamefungwa kwenye uzio wakiwasubiri wenyewe. Waingereza huwapiga picha na kuzisambaza mtandaoni, imekuwa kama sehemu ya ibada ya siku hiyo.

Kwa hiyo jina la Keir Starmer lilikuwa kwenye karatasi za jimbo moja tu, Holborn and St Pancras, katikati ya London. Jina la Rishi Sunak, aliyekuwa waziri mkuu, lilikuwa kwenye karatasi za jimbo lake la Richmond and Northallerton, Yorkshire, ambako alishindana pia na mgombea aliyevaa pipa la taka kichwani. (Ruksa kabisa: unalipa dhamana ya pauni 500, na ukipata chini ya 5% ya kura hazirudi.) Mjomba anamwita Sunak "mpwa wetu", maana baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika.

Baada ya hapo ni hesabu za bungeni. Viti ni 650, nusu yake ni 325, kwa hiyo chama chenye wabunge 326 kina wingi na kiongozi wake huitwa na Mfalme aunde serikali. Mfalme hapimi nani anafaa. Anamwita yule ambaye wabunge wameshaonyesha watamuunga mkono. Kwa vitendo hata 326 hawahitajiki wote, kwa sababu Sinn Féin ya Ireland Kaskazini hugombea, hushinda, kisha hukataa kwenda kukaa London. Safari hii walishinda viti saba.

Hapo ndipo unapoelewa ile sinema ya 2022, mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka mmoja bila uchaguzi mkuu: Boris Johnson, Liz Truss aliyedumu siku 49, halafu Sunak. Chama chao, Conservative, kilikuwa bado na wingi wake bungeni. Kilichobadilika ni kiongozi wa chama. Kwetu watu walishangaa sana, mpaka wengine wakasema ni mapinduzi. Hayakuwa mapinduzi.

Magoli na pointi

Sasa turudi kwenye goli la mkono. Katika kila jimbo anayeongoza ndiye mshindi, basi. Hahitaji nusu ya kura na moja zaidi, wala hakuna duru ya pili. Jambo hilo si geni kwetu hata kidogo, kwani wabunge wa majimbo Kenya na Tanzania tunawachagua hivyohivyo, na tulirithi kwa Mwingereza huyuhuyu. Kinachotuchanganya ni kwamba tukisikia "uchaguzi mkuu" akili inakimbilia uchaguzi wa rais, ambako kura za nchi nzima zinamwagwa kwenye kapu moja. Uingereza haina kapu moja. Ina makapu 650, na kura ikishaangukia kwenye kapu la Leicester haina msaada wowote kwa mgombea wa Liverpool. Ile 34% aliyoisikia mjomba redioni ni jumla wanayoipiga waandishi wa habari na wataalamu. Kisheria haina kazi yoyote.

Fikiria ligi. Ubingwa wa Simba na Yanga hautolewi kwa kuhesabu magoli. Timu inayoshinda mechi ishirini, kila moja bao moja kwa bila, ina magoli ishirini. Timu inayoshinda mechi tano kwa sita bila, halafu inafungwa bao moja moja zilizobaki, ina magoli thelathini. Kombe linakwenda kwa nani? Kura ni magoli, viti ni pointi. Nilipomweleza hivyo mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi Labour walikuwa wanashinda moja bila." Ndivyo hasa.

Ukigawa kura za kila chama kwa viti vyake mwaka ule, unaona nani alikuwa anafunga magoli ya bure. Labour ilipata mbunge mmoja kwa kila kura kama 23,600. Wahafidhina, yaani chama cha Conservative, waliobaki na viti 121, walihitaji kama 56,000. Liberal Democrats, viti 72, kama 49,000. Chama cha Kijani kilipata viti vinne, na kila kimoja kiligharimu zaidi ya kura 450,000. Halafu kuna Reform UK, chama cha mrengo wa kulia cha Nigel Farage: kura milioni 4.1, ambazo ni 14.3% ya kura zote, viti vitano. Kila kiti zaidi ya kura 800,000! Hao walicheza karibu kila uwanja na karibu kila uwanja wakafungwa bao moja au mawili. Walishika nafasi ya pili katika majimbo 98, na nafasi ya pili haina pointi.

Hata kuongoza kwa kura nchi nzima si hakikisho la kushinda. Mwaka 1951 Labour ya Clement Attlee ilipata kura nyingi kuliko Wahafidhina, na serikali ikachukuliwa na Winston Churchill. Februari 1974 kibao kikageuka: Wahafidhina walipata kura nyingi zaidi, Labour ikapata viti 301 dhidi ya 297, na Harold Wilson akarudi kuwa waziri mkuu. Hakuna aliyekwenda mahakamani.

Na hili ndilo lililowakera hasa wale wa kwenye WhatsApp nilipowaonyesha. Mwaka 2017, Labour chini ya Jeremy Corbyn ilipata kura karibu milioni 12.9, sawa na 40%, na ikashindwa. Mwaka 2019, bado chini ya Corbyn, ilipata milioni 10.3 na ikapigwa vibaya, ikabaki na viti 202. Mwaka 2024 Starmer alipata milioni 9.7, pungufu ya kura za Corbyn mara zote mbili, akapata ushindi ambao chama chake hakikuwa kimeuona tangu Tony Blair. Waliojitokeza walikuwa takriban 60% tu ya walioandikishwa, idadi ndogo kuliko yote tangu 2001. Nchi haikuingiwa na mapenzi ya ghafla kwa Labour. Wahafidhina ndio walioporomoka, kutoka 43.6% mwaka 2019 mpaka 23.7%, na sehemu kubwa ya walichodondosha ikaokotwa na Reform. Nyumba mbili za jirani zilipogombana, wa tatu ndiye aliyepata kiwanja.

Duka la muhogo, Melton Road

Mimi naishi Leicester East, na kwetu usiku ule mambo yalikwenda kinyume na nchi nzima. Ni mfano mzuri kuliko mchoro wowote.

Kuna mzee wa Kihindi ana duka barabara ya Melton. Alizaliwa Jinja, akaja hapa akiwa kijana mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza. Kiswahili anacho mpaka leo, ila muhogo anauita "mogo" kama wenzake wote wa huku, nasi tumeshazoea kuagiza chipsi za mogo. Wakati ule halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije kwa kuwa mji umejaa. Wakaja, na wengine wanasema tangazo ndilo lililowajulisha kwamba Leicester ipo. Kwa miongo mingi jimbo hili likawa ngome ya Labour.

"Mwaka huu," aliniambia akipima bamia zangu, "wamekuja hapa dukani Labour watatu, na kila mmoja anasema yeye ndiye Labour wa kweli." Hakuwa anatania. Alikuwepo mgombea rasmi wa chama. Alikuwepo Claudia Webbe, mbunge aliyemaliza muda, aliyeingia bungeni 2019 kwa tiketi ya Labour na sasa anagombea peke yake. Na alikuwepo Keith Vaz, aliyelishikilia jimbo hili kwa Labour tangu 1987 hadi 2019, naye akirudi kwa chama kidogo.

Matokeo: Shivani Raja wa Conservative alipata kura 14,526, mgombea rasmi wa Labour 10,100. Pengo ni kura 4,426. Webbe na Vaz kwa pamoja walichukua zaidi ya 9,000. Si haki kusema kura hizo zote zingerudi Labour, maana jimbo lenyewe lilikuwa limeanza kubadilika na wapiga kura wengi wa Kihindu walikuwa wameshahama chama. Lakini tazama hili: mwaka 2019 Conservative ilipata zaidi ya 38% hapa na ikashindwa. Mwaka 2024 ilipata 31% na ikashinda. Ilipungua, ikashinda, kwa sababu wapinzani wake waligawana kura. Ndilo jimbo pekee nchini ambalo Wahafidhina waliwanyang'anya Labour usiku ule.

Jirani yetu, Leicester South, Labour ilipoteza kwa mgombea huru, kura 979, hasira za vita vya Gaza zikiwa juu. Mji mmoja, majimbo yanayopakana, sababu tofauti kabisa. Ukitaka kujua kwa nini nakataa kusema "Uingereza imeamua", ni hapo.

Kura ya moyo na kura ya hesabu

Ukishaelewa kwamba anayeongoza anachukua chote, unaanza kupiga kura kama mtu anayecheza bao. Unayempenda ni wa chama cha Kijani, lakini unajua jimboni kwako Kijani hupata kura elfu mbili. Unayemchukia ni wa Conservative. Anayeweza kumng'oa ni wa Liberal Democrats. Unampigia huyo wa tatu huku umeziba pua. Mamilioni hufanya hivyo, na vyama vinajua.

Liberal Democrats wamelifanya kuwa fani. Kipeperushi chao utakitambua kwa mchoro wa nguzo mbili ndefu, ya kwao na ya mpinzani mkuu, na nguzo fupi ya chama cha tatu iliyoandikwa kwamba hawawezi kushinda hapa. Mara nyingine urefu wa nguzo hizo na tarakimu zilizo chini yake hazijuani kabisa. Imekuwa mzaha wa taifa. Lakini siasa yao ni ya kweli. Mwaka 2019 walitawanya nguvu kila mahali, wakapata kura milioni 3.7 na viti 11. Mwaka 2024 walichagua majimbo, hasa ya kusini mwa England ambako watu walishawachoka Wahafidhina, wakayapika hayo tu. Kura zikapungua kidogo, milioni 3.5. Viti vikawa 72. Ngumi moja ya chumvi ukiitia kwenye sufuria moja kila mtu ataisikia; ukiinyunyiza kwenye sufuria hamsini, mchuzi wote chapwa.

Je, kumpigia mgombea asiye na nafasi ni kutupa kura? Hapa nina maoni yangu, na wengine watapinga. Kwa jimbo na kwa siku ile, ndiyo, kura hiyo haileti mbunge. Lakini UKIP, chama kilichotaka nchi itoke Umoja wa Ulaya, mwaka 2015 ilipata kura milioni 3.9 na kiti kimoja tu, na mwaka uliofuata nchi ikapiga kura kujitoa Umoja wa Ulaya. Vyama vikubwa vilikuwa vimeziona zile kura na kuanza kuzikimbilia. Kura isiyoleta kiti inaweza kuleta woga, na woga nao hutunga sera.

Wewe mwenye pasipoti ya nyumbani

Hili linashangaza watu kila mara, hata Waingereza wenyewe. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anaweza kupiga kura katika uchaguzi mkuu. Si lazima awe raia wa Uingereza. Mkenya, Mtanzania, Mganda, na Mnyarwanda pia tangu Rwanda ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2009. Hata mwanafunzi mwenye viza. Sharti ni kujiandikisha kabla ya siku ya mwisho, na unaweza kufanya hivyo mtandaoni.

Jirani yako kutoka Bukavu au Bujumbura hana haki hiyo mpaka achukue uraia, kwa sababu Kongo na Burundi hazimo katika Jumuiya. Hali kadhalika Mwomani. Mfaransa aliyelipa kodi hapa miaka ishirini naye hapigi kura ya mbunge, Mwairishi anapiga. Nimeshashuhudia dada mmoja kutoka Mombasa, miezi minane tangu afike kusoma uuguzi, akipewa karatasi, huku daktari Mjerumani aliyemleta kwa gari akimsubiri nje na wale mbwa.

Tangu sheria ya 2022 unatakiwa uende na kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, kwa hiyo hata ile ya Tanzania yenye ngao ya taifa itakufikisha kwenye penseli. Orodha yenyewe ina vituko vyake: kadi ya basi ya mzee inakubaliwa, kadi ya nauli nafuu ya treni ya kijana haikubaliwi. Serikali iliyopitisha sheria ilikuwa ya chama kinachopendwa na wazee. Mimi sijasema kitu.

Nani ana nafasi

Ukiona kichwa cha habari kinasema chama fulani kina 28%, jiulize kwanza: ya lini, na imekaaje? Kura za maoni ni picha ya siku moja. Mwaka 2015 zilionyesha vyama viwili vikubwa viko sare, David Cameron akatoka na wingi wake peke yake. Mwaka 2024 zilimpata mshindi sawasawa lakini zikalifanya pengo kuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Usichanganye hizo na ule utafiti unaotangazwa saa nne kamili usiku, vituo vinapofungwa. Huo hufanywa siku yenyewe kwa watu wanaotoka kupiga kura, katika vituo kama 130, kwa kuwapa karatasi ya mfano wairudie kura yao kwa siri. Mwaka 2024 ulitabiri viti 410 kwa Labour. Vikawa 411. Kwa Reform ulitabiri 13 badala ya vitano, kwa hiyo nao si msahafu.

Kuhusu uchaguzi ujao, ambao lazima ufanyike kabla ya mwisho wa Agosti 2029, jambo kubwa ni kwamba mfumo huu ulizoea mechi ya timu mbili. Mwaka 1951 Labour na Conservative kwa pamoja walichukua karibu 97% ya kura zote. Mwaka 2024 walichukua 57%. Zilizobaki ziko kwa Reform, Liberal Democrats, Kijani, na kule Scotland na Wales kwa vyama vya kizalendo vya SNP na Plaid Cymru.

Vyama vitano vikigombea mfupa mmoja, mshindi anaweza kupita na kidogo mno. Tazama South West Norfolk, jimbo la yule Liz Truss wa siku 49. Mwaka 2019 alikuwa ameshinda kwa pengo la kura 26,195. Mwaka 2024 Labour ilipata 11,847, Truss 11,217, Reform 9,958, na mhafidhina aliyegombea kivyake akachukua zaidi ya 6,000. Truss akaanguka kwa kura 630, na mbunge mpya akaingia kwa 26.7% ya kura. Karibu watu watatu katika kila wanne hawakumchagua, na ni mbunge halali kabisa.

Sasa uhamishe hesabu hiyo kwenye nchi nzima. Mwaka 2025 kura za maoni ziligeuka, Reform ikawa inaongoza. Mei mwaka huo, kwenye uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby, jimbo ambalo Labour ililichukua miezi kumi kabla kwa pengo la zaidi ya kura 14,000, Reform ilishinda kwa kura sita. Sita! Chama kilichopata viti vitano kwa 14% hakihitaji 50% ili kutawala. Kikifika karibu 30%, na wapinzani wake wakaendelea kugawana, zile nafasi 98 za pili zinaanza kugeuka pointi. Chini kidogo ya hapo, nafasi zile zinabaki magoli ya bure. Ndiyo maana asilimia tatu au nne, ambazo penginepo zingeleta tofauti ya viti kumi na tano, hapa zinaweza kuwa tofauti kati ya upinzani na ikulu ya Downing Street.

Lakini hesabu hiyohiyo ina ukuta. Chama kinachochukiwa sana huwafanya wapinzani wake wasaidiane, na kura za hesabu zilizowamaliza Wahafidhina kusini zinaweza kumgeukia Farage. Labour yenyewe imekaa juu ya majimbo mengi iliyoyapata kwa upenyo, na sasa inaliwa pande mbili, Reform upande mmoja na Kijani upande wa pili. Inawezekana pia pasipatikane mwenye wingi, kama 2010 Cameron alipolazimika kuungana na Liberal Democrats, au 2017 Theresa May alipoegemea wabunge kumi wa DUP, chama cha Ireland Kaskazini. Na serikali ilitangaza Julai 2025 kwamba inataka vijana wa miaka 16 wapige kura. Watu wanadhani ni zawadi kwa Labour. Mimi nikiwasikiliza wanafunzi kwenye basi namba 22, sina hakika na hilo hata kidogo.

Kwa nini basi wasibadilishe mfumo? Waliulizwa, Mei 2011, kama wanataka utaratibu wa kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Karibu 68% walisema hapana. Na anayeingia madarakani ameingizwa na mfumo huohuo. Nani anakata tawi alilokalia?

Mjomba alisikiliza yote hayo kwa siku tatu, ujumbe baada ya ujumbe, redio ikisikika nyuma. Mwisho akauliza: "Na ya kwako, mjomba, ilikwenda wapi?" Nikamwambia karatasi ni siri, ila mgombea wangu hakuwa wa kwanza wala wa pili.

"Basi imeliwa."

"Haijaliwa, mjomba. Imo kwenye zile asilimia za redioni."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akataka kujua muhogo Leicester wanauza kilo bei gani.